Chombo cha anga cha boksi kinakishinda cha kompyuta

Kijana anayetengeneza filamu yake ya kwanza ya safari za angani, tena bila hela, hukimbilia kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukifuta na kuweka picha ya anga mahali pake. Naona anajitesa bure. Kitambaa hicho kinataka kunyooshwa kisibaki na kunjo, kimulikwe sawasawa, na mwigizaji asimame kama mita 2 mbele yake, la sivyo ukijani unamrukia kwenye nywele na mabega. Chumba cha kulala hakina nafasi hiyo.

Boksi linasamehe zaidi. Kata, bandika vifuniko vya chupa, mirija na vipande vya vichezeo vilivyovunjika, kisha vipulizie vyote rangi moja ya kijivu. Rangi hiyo moja ndiyo inayoficha kwamba injini ilikuwa kifuniko cha dawa ya meno. Ukitumia lile povu jeupe la kufungia televisheni, lipake kwanza gundi nyeupe ya maji na uiache ikauke, maana kiyeyushi cha rangi ya kupuliza hulila likabaki mashimo.

Kinachoumbua chombo kidogo ni wepesi wake: hutikisika upesi mno. Dawa yake ni hesabu. Chombo cha sentimita 50 kinachojifanya cha mita 12.5 kimepunguzwa mara 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na hizo ndizo mara za kupunguza mwendo. Basi rekodi fremu (picha moja moja za video) 120 kwa sekunde, uicheze kwa 24. Simu nyingi zinaweza. Ila shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa sekunde 1/240 unapata moja ya tano tu ya mwanga wa 1/48, na balbu nyingi za ndani huanza kumetameta. Toka nje. Jua halimetameti, na linatupa kivuli kimoja kikali, kama huko angani. Simu iwe chini, usawa wa tumbo la chombo. Ukikitazama kwa juu umeshakirudisha kuwa kichezeo. Maji usiyarekodi kabisa: tone halikubali kupunguzwa mara 25, litaonekana kubwa kama ndoo.

Uzi wa nailoni hung'aa, kwa hiyo upake wino mweusi. Au ning'iniza chombo kichwa chini na uigeuze picha wakati wa kuhariri. Mtazamaji hutafuta uzi juu, nao uko chini.

Sauti haina ujanja mwingi. Simu ya pili ikae mfuko wa shati la mwigizaji, pigeni kofi moja mbele ya kamera la kuoanishia sauti na picha, na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, za kuzibia mapengo.