Mtoto Aliyekua Miezi Mitano kwa Usiku Mmoja

Jamani ngoja niwasimulie, maana mwaka wa pili huu nasingizia mashine ya fotokopi na haijanifanya kitu masikini.

Mimi ni daktari wa watoto, nafundisha chuo kimoja cha udaktari. Nikapangwa kufundisha pamoja na Prof mmoja wa fiziolojia, mama wa heshima zake, alishanifundisha na mimi enzi hizo, kwa hiyo hata tukiwa wawili ofisini bado nasimama akiingia. Staili yenyewe ni ile ya kujifunza kwa timu (wenyewe wanaiita Team-Based Learning): wanafunzi wanasoma nyumbani, wakifika kila mtu anajibu maswali peke yake, halafu wanarudia kwa timu na kadi za kukwangua kama vocha (tulizitengeneza wenyewe, rangi ya silva haikukauka, vijana wakashinda siku nzima na vidole vya bati). Aliyeianzisha ni Larry Michaelsen huko Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 70, na alikuwa profesa wa biashara wala si wa tiba, labda ndo maana mimi nliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sheria yake kubwa ni kwamba timu zote zipewe tatizo lile lile, zichague jibu moja, na zinyanyue kadi kwa pamoja. Tatizo LILE LILE. Shikeni hapo.

Keisi tuliandika wote: mtoto wa miezi 9, kilo 10 (bonge eeh), anaharisha na kutapika, macho yamedidimia, hawezi kunywa, ngozi ukiifinya inarudi polepole mno. Dripu awekewe vipi? Usiku nikaona miezi 9 rahisi sana, nikabadilisha ikawa 14, nikamtumia Prof WhatsApp saa sita kasoro. Kumbe mwenzangu saa tatu kashalala, na kopi zake tano alishatoa stesheneri tangu mchana. Asubuhi nikaja na za kwangu tano, yeye akagawa upande wa kushoto, mimi kulia, kila mtu anajiona mchapakazi.

Moja, mbili, tatu, kadi juu! Timu tano za kushoto A: mililita 300 kwa saa moja, halafu 700 kwa saa tano. Timu tano za kulia B: 300 kwa nusu saa, 700 kwa saa mbili na nusu. Utadhani Simba na Yanga.

Prof akasema jibu ni A. Nikasema, "Samahani Prof, ni B."

"Daktari, chini ya mwaka mmoja ni saa moja."

"Prof, huyu kavuka mwaka."

"Kavuka saa ngapi?"

Darasa likalipuka. Hapo nikaanza kumkonyeza ili tukayamalize nje, si tulikubaliana tusibishane mbele ya wanafunzi, ye akauliza kwa sauti, "Jicho limeingia nini?"

Binti mmoja wa kushoto akanyoosha kidole, "Samahani walimu, kwetu mtoto ana miezi tisa." Upande wa kulia wakaitikia kama kwaya, "Kwetu kumi na nnee!"

Kimya. Prof akachukua karatasi zote mbili, akavua miwani, akaniangalia vile alivyoniangalia mwaka ule niliposapu. "Daktari, mtoto hana maji mwilini, hata kunywa hawezi. Nguvu ya kukua miezi mitano tangu jana kaitoa wapi?"

Nikasema fotokopi.

Sasa staili hii inaruhusu timu kukata rufaa kwa maandishi. Zilikuja kumi, timu zote, na zote zilikuwa na haki. Moja iliandika: "Tunaomba wanafunzi wote wapewe maksi, na timu ya walimu irudie mtihani." Prof akaisoma taratibu, akaandika "Imekubaliwa", akasaini, kisha akanisogezea peni.