Ubingwa wa Florida A&M na mtoano usiowahusu mabingwa

Tarehe 16 Desemba 2023, katika uwanja wa Mercedes-Benz jijini Atlanta, timu ya chuo cha Florida A&M ilitoka nyuma kwa pointi 14 na kuishinda Howard 30–26. Ilifunga msimu wake wa futiboli ya Kimarekani ikiwa imeshinda michezo 12 na kupoteza mmoja tu, dhidi ya South Florida inayocheza daraja la juu zaidi. Mchezo huo wa Atlanta, Celebration Bowl, huwakutanisha tangu mwaka 2015 mabingwa wa SWAC na MEAC, mashirikisho mawili ya vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na mshindi hutambuliwa kuwa bingwa wa vyuo hivyo. Ubingwa wa taifa wa daraja lao, hata hivyo, hutolewa na mtoano wenye timu 24 wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambao mashirikisho hayo mawili hayawapeleki mabingwa wake.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote inatoka Tallahassee, nyumbani kwa Florida A&M. Miaka 45 kabla ya ushindi wa Atlanta, tarehe hiyo hiyo ya 16 Desemba, timu ya kocha Rudy Hubbard iliifunga Massachusetts 35–28 mjini Wichita Falls, Texas, katika fainali ya kwanza kabisa ya daraja hilo. Tangu mwaka huo wa 1978 hakuna chuo kingine cha Weusi kilichowahi kulitwaa taji hilo.

Uzito wa taji lile hauonekani bila kurudi nyuma kwa Jake Gaither, aliyekuwa kocha wa chuo hicho tangu 1945 hadi 1969 na kushinda michezo zaidi ya 200. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, vyuo vikubwa vya Kusini havikuwapokea vijana Weusi, kwa hiyo mtu kama Bob Hayes, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 mjini Tokyo mwaka 1964, alichezea Tallahassee. Timu za Gaither zilihesabiwa mabingwa na magazeti ya Weusi kama Pittsburgh Courier, lakini nafasi ya kujipima na chuo cha Wazungu ilikuja mwishoni kabisa mwa kazi yake, mwaka 1969, alipoifunga Tampa 34–28. Anayekumbuka historia hiyo ana haki ya kuumia anapoona mabingwa wa leo wakibaki kwa hiari nje ya mashindano ambayo wazee wao walizuiwa kwa nguvu kuyafikia. Tena, Howard ilifika Atlanta ikiwa imeshinda michezo sita na kupoteza mitano, rekodi ambayo haiwezi kumpa bingwa kipimo alichostahili.

Upande wa pili nao hausemi kwa woga. SWAC iliwahi kuwapeleka wawakilishi wake kwenye mtoano, na kwa miaka mingi walirudi nyumbani bila ushindi. Zaidi ya hapo kuna kalenda: raundi ya kwanza ya mtoano huangukia wikendi ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, wakati Grambling na Southern, vyuo viwili vya SWAC, wanapokutana New Orleans katika Bayou Classic, na fainali ya SWAC yenyewe huchezwa mwanzoni mwa Desemba, mtoano ukiwa umekwisha kuanza. Kuna pia watu. Mwaka 2022 mashabiki karibu 50,000 walijaa Atlanta, pamoja na bendi ambazo kwa vyuo hivi ni sehemu ya mchezo wenyewe, na kila shirikisho limekuwa likipata takriban dola milioni 1 kutokana na mchezo huo. Fedha hizo si jambo dogo kwa vyuo vilivyopunjwa: Septemba 2023, msimu huo huo ukiendelea, mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani walimwandikia gavana wa Florida kwamba Florida A&M ilikosa karibu dola bilioni 2 katika miongo mitatu, ikilinganishwa na mgawo wa chuo kikuu kingine cha jimbo hilo kilichoanzishwa, kama chenyewe, kwa ruzuku ya ardhi ya serikali.

Hoja hizi zinanishawishi, na kama ningelazimishwa kuchagua kati ya mtoano na Atlanta ningeichagua Atlanta. Lakini kuna jambo moja nisiloweza kulitetea. Mwaka 2021 Florida A&M ilifungwa 7–6 na Jackson State, ikakosa fainali ya SWAC, na kwa kuikosa ikawa huru kualikwa kwenye mtoano, ambako ilifungwa 38–14 na Southeastern Louisiana. Miaka miwili baadaye ikawa bora zaidi, ikatwaa taji la SWAC kwa kuifunga Prairie View 35–14, na ubora huo ndio uliouzuia mlango. Utaratibu unaompa wa pili nafasi ambayo wa kwanza ananyimwa hauwezi kuitwa ulinzi wa heshima ya bingwa.

Athari yake naiona pia katika yaliyofuata. Siku ya kwanza ya Januari 2024, kocha mkuu Willie Simmons aliondoka kwenda chuo cha Duke kuwa kocha msaidizi wa wachezaji wanaokimbia na mpira. Kila mtu ana sababu zake, na mshahara katika daraja la juu ni sababu ya kutosha. Hata hivyo, kwamba bingwa mwenye rekodi ya 12–1 anapanda cheo kwa kuwa msaidizi kunaonyesha jinsi taji la Atlanta linavyothaminiwa nje ya wale wanaolipenda.

Dawa ninayoiona ni ya kalenda. SWAC ikiicheza fainali yake wiki mbili mapema zaidi, na bingwa akapewa haki ya kuchagua kati ya mtoano na Atlanta, nafasi ya Atlanta ikimwendea wa pili pale bingwa atakapochagua mtoano, mchezo utabaki. ESPN, televisheni ya michezo inayoumiliki mchezo huo, huenda isifurahi, na miaka mingine Atlanta itampokea mgeni asiye bora wa shirikisho lake. Hiyo ni gharama halisi, na wachezaji wa Florida A&M wa mwaka 2023 walistahili kuulizwa kama wangekuwa tayari kuilipa.