Mfumo Mmoja kwa Chuo Kizima: Faida Yake na Pengo Lake

Kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe wilayani Mkinga, mkoani Tanga, inatokana na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kama HEET, ambao ulipata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021. Fedha za mradi huo si za majengo peke yake. Zimo pia za TEHAMA katika vyuo vya umma. Kwa hiyo swali lililozoeleka Dar es Salaam na Morogoro limefika kwetu: je, usajili, ada, masomo na matokeo ya chuo kizima viwekwe katika mfumo mmoja wa kompyuta, au kila kitivo na kila kampasi iachiwe utaratibu wake?

Naunga mkono mfumo mmoja, na sababu yangu kubwa ni matokeo. Mwanafunzi anayeendelea na masomo hutegemea chuo kiwasilishe matokeo yake Bodi ya Mikopo ndipo apate mkopo wa mwaka unaofuata. Pale ambapo mhadhiri anaandika alama kwenye karatasi, karani wa idara anazinakili, kisha ofisi ya mitihani inazinakili tena, alama moja iliyorukwa inatosha kumkosesha mtu bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, huku wenzake wameshasaini kupokea zao. Jina nalo huzua matatizo, maana cheti cha kidato cha nne kinaweza kuliandika hivi na kitambulisho cha NIDA vingine. Mhadhiri akiingiza alama mara moja na kila ofisi ikazisoma hapohapo, mlolongo huo unakatika, na anayezibadilisha anajulikana.

Wanaopinga husema kwamba mfumo huo ukianguka, chuo kizima kinasimama. Hoja hiyo si ya kubeza. Mwezi Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua nchi nzima. Hata hivyo, hapo kinachoamua ni mahali ilipo seva, yaani kompyuta inayohifadhi mfumo, si idadi ya mifumo. Moodle, programu huria ya kufundishia iliyotolewa mwaka 2002, inaweza kuwekwa kwenye seva ya kampasi yenyewe, na mwanafunzi anaweza kupakua somo kwenye simu akalisoma bila mtandao.

Linalonisumbua zaidi halisemwi sana vikaoni. Wakati wa usajili, pita kwenye stesheneri za Ngamiani, hapa Tanga mjini. Binti ana simu ya kioo kidogo, bando limekwisha, na tovuti ya chuo haifunguki. Kijana wa stesheneri anamfungulia akaunti, anamtolea namba ya malipo, anamchapia fomu, kisha anaandika nywila yake kwenye daftari la kaunta ili akirudi wasihangaike. Simlaumu kijana huyo, kwa sababu anafanya kazi ambayo chuo hakikumwekea mtu. Lakini katika mfumo mmoja, nywila hiyo moja ndiyo inayofungua matokeo, ada, namba ya simu na akaunti ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na chuo hakiwezi kulinda daftari lisilokuwa lake.

Ndiyo maana ningependa kampasi ya Mkinga ianze na dirisha lenye ofisa mwenye mamlaka ya kumsajili mwanafunzi na kurekebisha kumbukumbu papo hapo. Aliyelipa ada kwa simu, akiwa na ujumbe wa muamala mkononi, huku mfumo bado ukionyesha anadaiwa, aingie kwenye mtihani kwa saini ya ofisa huyo, na malipo yahakikiwe baadaye. Wenye shaka watasema dirisha hilo litarudisha upendeleo. Hofu yao ina msingi, na kwa hiyo kila saini iingizwe katika mfumo huohuo pamoja na jina la aliyeitoa. Mishahara ya maofisa hao ipangwe katika bajeti ya chuo chenyewe tangu sasa, kwa kuwa mradi una mwisho wake, ilhali usajili unarudi kila mwaka.