Usiniulize shakwe gani, niulize kwanza ana umri gani

Kaskazi ikishaanza kuvuma mi najua simu yangu haipumziki tena, manake watu wanashuka pale Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, wanapiga picha wee, wakifika nyumbani ndo zinaanza kumiminika: "huyu shakwe gani?" Picha yenyewe ndege ni kama punje ya mchele, jua liko nyuma yake, na mwenye picha anataka jina saa hiyohiyo. Nikimjibu "shakwe, bado mtoto" ananuna, ati nimemdharau.

Sijamdharau mtu jamani, hilo ndo jibu. Na kwa maoni yangu ndo jibu la kuanzia kila siku, umri kwanza halafu jina, na likikosekana jina basi limekosekana.

Chukua hawa wakubwa wa mgongo wa giza, jina lao la kisayansi heuglini, wanaozaliana huko juu kaskazini ya Urusi halafu wanakuja kwetu kukimbia baridi. Huyu ndege anachukua kama miaka minne mpaka avae nguo za kikubwa. Mwaka wa kwanza ni kahawia na mabakamabaka, mdomo mweusi tii, miguu ya pinki iliyofifia. Wa pili mgongoni yanaanza kuingia manyoya ya kijivu kizito na mdomo unapauka kwenye shina. Wa tatu ukimtupia jicho unasema huyu mzima, kumbe bawani bado kuna kahawia na mdomo una doa jeusi. Mpaka ile ya nne ndo unapata mdomo wa njano wenye kidoa chekundu kwa chini, miguu ya njano, jicho limepauka. Yaani ndege mmoja sura nne, na ukimweka mtoto kando ya mamake utaapa hawajuani. Sasa wewe umefungua kitabu, umeona picha ya mkubwa, umetafuta anayefanana naye, unafika wapi? Yule wa kichwa cha kijivu wa Ziwa Victoria na Nakuru afadhali, yeye miaka miwili kamaliza, mtoto ana jicho la giza na utepe mweusi mkiani, mkubwa jicho jeupe, kwisha.

Na msidhani mi mwenyewe niko salama. Kuna siku nimempiga picha shakwe pale mtoni saa kumi na mbili kasoro jioni, jua linazama nyuma yake, nikaona mwili wa kahawia, mdomo mweusi, nikatangaza kwa mbwembwe: heuglini, mwaka wa kwanza! Asubuhi yake nikarudi, kundi limesimama palepale, jua sasa liko mgongoni mwangu, na ndege wa aina ileile wamejaa. Mdomo si mweusi hata kidogo, ni wa kijivu wenye ncha nyeusi, mrefu na mzito. Kichwa na kifua kahawia tupu bila michirizi, mgongoni kila unyoya una ukingo mweupe kama magamba. Alikuwa hemprichii, shakwe wetu wa Bahari ya Sham mpaka Oman, ambaye wengine huzaliana kwenye visiwa vya Kiunga msimu wa kusi, wala hajatoka Urusi wala nini. Umri niliupata sawasawa. Ningeishia hapo ningelala na heshima yangu.

Tatizo picha inadanganya na uso mkavu. Ile kijivu ya mgongoni ambayo watu wanabishania usiku kucha inageuka kwa mwanga tu, mchana wa saa saba inapauka, wingu likipita inakolea, ukitia filta ndo umeua kesi kabisa. Ukubwa usiniambie kama hakuna ndege mwingine kando, hata buabua mmoja angalau. Halafu kuna kuchakaa. Manyoya ni nguo, jua la huku linayachoma mpaka kahawia inakuwa kama mchanga, na vile vidoa vyeupe vya ncha za mabawa ndo vinaliwa mwanzo, manake rangi nyeusi inaupa unyoya nguvu na sehemu nyeupe haina hiyo rangi. Kwa hivo ukisema "hana vidoa, si huyo," pengine alikuwa navyo, vimeisha.

Tena kuna ugomvi mwingine wa bure, wa kuhesabu. Wengine wanahesabu kwa kalenda, ndege kazaliwa Juni, ikifika Januari mosi wanamwandika yuko mwaka wa pili, na hajafikisha hata miezi minane! Mwingine anahesabu kwa nguo aliyovaa anasema wa kwanza. Wote wako sawa na wanatukanana.

Apu za kutambua ndege nazo nazitumia, sikatai, ila inakupa jina bila haya hata kwa picha ya kisogo. Mi nipe picha tatu za ndege huyohuyo, kasimama, kafungua bawa, na mkia ukionekana, hapo tutaongea.

Juzi nilikuwa nimelala kifudifudi mchangani na kamera, akapita mzee mmoja mvuvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akasimama.

"Wawapiga picha za nini hawa wezi, mwanangu?"

Nikamwambia nataka kujua aina zao. Akacheka. Akanionyesha mmoja aliyekuwa anahangaika na dagaa. "Yule mdogo yule. Mtazame, kaangusha mara tatu. Mkubwa angeshameza kitambo."

Nikambana na lenzi. Kwenye picha ni kahawia, mdomo umefichwa na samaki, mkia hauonekani. Faili nimeiandika: shakwe, mwaka wa kwanza.