Taa ya upepo ikizima yenyewe usifurahi

Wiki tatu nzima taa ya upepo wa matairi kwenye dashibodi ilikuwa yawaka alfajiri na kuzima nikifika Gede, na mimi nikisema alhamdulillah gari imepona yenyewe, na gari ikipona yenyewe nani atampelekea fundi pesa? Nlikuwa natoka Malindi nikimaliza tu kuswali ili niwahi Mombasa kabla jua halijakolea, na kila nikiwasha gari kile kidude cha manjano, kile kama sufuria iliyokatwa kati na alama ya mshangao ndani, kinanikodolea macho. Mbele kidogo, kimya.

Siku nliyopata pancha ndo nlijua. Nikamsimamia kijana wa pancha kando ya barabara, akaitoa tairi kwenye rimu, akaiinamisha, ikamwagika unga mweusi kama kahawa iliyoungua, kiganja kizima. Akaniangalia. "Shekhe, hii umeitembeza bila upepo siku nyingi." Akanishika kidole akakipitisha kwa ndani ubavuni, kuna mstari umezunguka tairi nzima, mpira umekwaruzika kama umepigwa msasa. Na nje tairi bado ina vile vinyweleo vya upya jamani! Msumari ulikuwa mdogo na ungezibika, lakini akakataa kuiziba, akasema hii ikipasuka utamtafuta nani.

Sasa ile taa ilikuwa yazima kwa nini? Tairi ikizunguka yapata moto na upepo wa ndani ukipata moto presha yapanda, kila joto likiongezeka nyuzi 5 au 6 hivi presha yaongezeka kama psi 1, psi ndo kipimo cha upepo wa tairi. Stika ya mlango wa dereva yasema 33. Yangu asubuhi ilikuwa kama 25, nikifika Gede moto umeisukuma mpaka 28 huko, kompyuta ikaridhika, taa ikazima. Yani upepo ulikuwa bado hautoshi ila joto laficha, na joto lenyewe ndo ugonjwa, sababu tairi yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila ikizunguka na kule kujikunja ndo kunazidisha moto na kuutafuna mpira kwa ndani, ule unga wa kahawa ndo huo.

Mimi maoni yangu ni kwamba hii taa imetupumbaza. Tumeifanya mlinzi na kazi yake ni kupiga kelele mwizi akishaingia ndani. Sheria yake ilianzia Marekani mwaka 2000 baada ya watu kufa kwa matairi kupasuka na magari kupinduka, na kufika Septemba 2007 kila gari ndogo mpya kule lazima iwe nayo, lakini soma walichotaka: iwake upepo ukishapungua asilimia 25. Asilimia 25 ya 33 ni kama 8, kwa hivyo ukiwa 27 hiyo taa yakuangalia tu na wewe waona mambo sawa. Ulaya wakalazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, ndo maana hizi zetu za kutoka Uingereza zinayo, na nyingi za Japani hazina kabisa, wenye nazo wala hawajui tunalalamika nini.

Alafu ziko aina mbili na mafundi wengi wanazichanganya. Moja ina sensa ndani ya rimu, na betri yake imefungiwa humo humo haibadilishwi, huishi kama miaka 5 mpaka 10, sasa wewe umeagiza gari ya miaka 7 jihesabie mwenyewe. Hiyo betri ikifa, taa kwa kawaida humetameta kama dakika moja ukiwasha gari kisha yabaki imewaka, lakini ikiwaka moja kwa moja bila kumeta ujue ni upepo. Aina ya pili haina sensa ndani ya tairi, inahesabu mizunguko kwa kutumia ABS, ule mfumo wa breki unaozuia matairi kukwama, manake tairi iliyolegea huwa fupi kidogo na huzunguka haraka kuliko wenzake. Hii ina kitufe cha kuiambia nimeshajaza, na hapo ndo balaa, sababu watu wanakibonyeza ili taa izime bila kujaza kitu, yani umeiambia gari upepo huu mbovu ndo sawasawa, na itakuamini.

Kingine kinachoniudhi ni lile neno la huku pwani, eti kuna joto, punguza upepo tairi isipasuke. Ami yangu amevuta malori miaka mingi, namheshimu sana, lakini hapo hatupatani. "Mwanangu, kaskazi ikiingia upepo hupunguzwa." Ami, ile namba ya mlangoni ni ya tairi baridi, waliyoiandika wanajua itapanda ukitembea. Ukiipunguza ikiwa moto, kesho alfajiri utaamka na 26 na ndo umeanza safari ya unga wa kahawa. Na usisome ile namba iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe, ile ni mwisho wa uwezo wa tairi, gari yako haikuitaka.

Mimi nimenunua geji ya mfukoni, sababu ile ya stesheni huangushwa sakafuni mara kumi kwa siku na yangu na yao zilipishana psi 4. Napima Jumamosi asubuhi gari ikiwa imelala usiku mzima, kabla jua halijaipiga, manake nikichelewa matairi ya upande wa mashariki yasoma zaidi ya wenzao na mimi sijatoka hata mlangoni. Spea nayo nikaipima, ile nyembamba ya kuokolea inayotakiwa psi 60. Sindano ya geji haikutikisika.

Juzi ami akanipigia niende nayo nyumbani nikampimie, asijue mtu. Nyuma kulia 30, nyuma kushoto 22. Akaiangalia geji, akanirudishia. "Hiyo ya 22 iache," akaniambia, "hiyo ndo ya upande wa jua."