Ardhioevu ya Kujengwa Inataka Mtu wa Kuzoa Tope

Mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi kirefu, maji ya mwanzo yanayoteremka kutoka barabarani na kwenye mapaa huwa meusi, kwa sababu yamebeba vumbi la matairi, shaba iliyosagika kwenye breki, zinki iliyotoka kwenye mabati na mbolea iliyosombwa bustanini. Mtaro wa saruji hauyafanyii maji hayo lolote zaidi ya kuyaharakisha yafike mtoni pamoja na uchafu wake wote. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote ujenzi wa ardhioevu za kupokea maji ya mvua, yaani mabwawa ya kina kifupi yaliyopandwa mimea ya majini ili kuyasafisha, lakini nasikitika kila ninapoona zinapandwa vizuri kisha zinaachwa zijitunze.

Ukipitisha vidole kwenye bua la tete lililozama majini, utahisi utelezi. Utelezi huo ni utando wa bakteria na mwani, nao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha, wakati mabua yenyewe yanapunguza kasi ya maji ili chembe za udongo zipate kuzama. Chini zaidi, kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitrati, kirutubisho kinachotoka kwenye mbolea, kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani. Käthe Seidel, mwanasayansi wa Ujerumani aliyefanya majaribio ya kusafisha maji kwa mimea ya majini katika miaka ya 1950, aliona mapema kwamba mimea hii si pambo.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, na metali kama shaba na zinki, hata hivyo, hazigeuki hewa. Hushikamana na tope na kubaki palepale, mvua baada ya mvua, na tope lisipoondolewa kina hupungua hadi siku mvua kubwa itakapolitibua na kulisukuma lote mtoni kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo, nikionyeshwa mchoro wa ardhioevu, sianzi kuuliza aina ya mimea. Natafuta bwawa dogo la kutuliza tope pale maji yanapoingilia, kisha natafuta njia ya kupita gari la kulizoa.

Wanaohofia mbu wana haki ya kuhofia. Maji yanayotembea, yenye samaki wadogo na wadudu wanaokula viluwiluwi, hayawafai sana mbu; madimbwi yaliyotengana na mkondo kwa sababu mlango wa maji umeziba kwa taka ndiyo yanayowafaa.

Kabla ya kupanda tete la kwanza, basi, bajeti itaje nani atakayezoa tope, kila baada ya muda gani na kwa fedha ipi. Itaje pia litakakopelekwa, kwa kuwa tope lililokusanya zinki na shaba kwa miaka halifai kumwagwa kwenye shamba la mboga kabla ya kupimwa.