Sweta la buku

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mitumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nilikuwa nimeshika sweta la kijivu, kubwa, mikono inafika magotini, na nimeligeuza ndani nje nachungulia mishono yake.

"Mama, hilo la mtu wa futi sita. Nani atalivaa kwako?"

"Halivaliwi, mwanangu. Nalifumua."

"Ukishalifumua?"

"Nafuma lingine."

Alicheka, akamwita na jirani yake aje asikie. Nikalipa buku langu, nikaondoka.

Wacheke tu. Mimi nasema hivi: kwa mtu anayefuma, uzi mzuri kuliko wote hapa mjini hauko madukani, uko chini kabisa ya lundo la masweta ambayo hakuna anayeyataka. Uzi wa dukani karibu wote ni akriliki, uzi wa plastiki. Sina ugomvi nao, unafaa kwa vitambaa vya makochi na sweta la shule. Lakini Mbeya ya Juni na Julai, asubuhi ile ya kwenda kuchota maji bombani huku pumzi inatoka moshi, inataka sufu. (Sufu ya kondoo, si sufi ya kujazia mito. Nimeshaulizwa mara nyingi.) Na sufu inatufikia ndani ya mabelo kutoka Ulaya, tena katika saizi ambazo hapa hazina mtu. Ndiyo maana ikifika saa kumi jioni zinauzwa buku buku.

Kosa la wengi ni kutazama rangi kwanza. Tazama mshono. Ligeuze sweta, fuata ubavu kutoka kwapani hadi chini. Ukiona kingo mbili safi zimeunganishwa kwa uzi mwembamba wenye vitanzi vilivyoshikana kama mkufu, hilo linunue: kila kipande kilifumwa peke yake, na uzi wake unakwenda na kurudi bila kukatika. Ukiona limepigwa ovaloki, yaani kingo zimekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi, liache hapo hapo. Hilo lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, kila mstari una ncha mbili. Nilijifunza kwa machungu. Nililipia 3,000 sweta la bluu la kupendeza sana, nikafika nyumbani, nikavuta, nikapata kipande cha urefu wa mkono. Nikavuta tena, kingine hicho hicho. Sasa limo ndani ya mto wa kochi.

Liache pia lililoshikana kwa kufuliwa na maji ya moto, lile gumu kama blanketi la jeshi, maana vitanzi vyake vimeshaumana. Na lenye vitobo vidogo vya nondo, hata liwe zuri namna gani.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa kauzi kadogo, kawashie kiberiti ukiwa nyumbani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na majivu yake yanasagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje cheusi kigumu.

Kazi yenyewe naipenda kuliko hata kufuma. Kiswahili kimeshaiweka vizuri: unafunga, unafungua, unafuma, unafumua. Nakata uzi wa mshono kwa mkasi mdogo, naachanisha mgongo, kifua na mikono. Halafu naanzia begani, si chini. Masweta mengi yameanzwa kufumwa kutoka kwenye pindo, kwa hiyo ncha ya mwisho iko juu; ukianzia chini utahangaika na mafundo hadi uchukie. Ukiipata ncha ya juu, unasikia kile kimlio, trrrr, mstari baada ya mstari, na uzi unatoka umejikunja kama tambi. Naukusanya kwenye mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne kwa uzi wa pamba usije ukavurugika, naufua kwa maji ya uvuguvugu na shampuu, siukamui. Nauning'iniza kivulini na chupa ya maji chini yake, iuvute. Baada ya siku mbili tambi zimenyooka.

Sweta la mwanaume mzima lina gramu 400 hadi 600. Sweta la mtoto wa mwaka mmoja halimalizi gramu 200. Piga hesabu mwenyewe. Uzi wa mashine mara nyingi ni mwembamba, kwa hiyo mimi hufuma nyuzi mbili kwa pamoja, na hapo ndipo unaweza kuchanganya kijivu na kahawia ukapata rangi ambayo duka halina.

Wapo wanaoniambia kwamba kusifia mitumba ni kuua viwanda vyetu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo, na hoja yao ninaielewa. Ila viwanda vinavyotajwa kila mara katika mjadala huo ni vya pamba, vya khanga na vitenge. Siku mtu akisokota sufu ya kondoo wa Makete akaniletea sokoni, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nikubali jambo moja: kama unafuma ili uuze, kazi hii haikulipi. Kulifumua sweta moja kunanichukua jioni mbili, na hakuna mteja atakayelipia jioni zangu. Nafuma za wajukuu na za wazazi waliojifungua mtaani kwetu, basi.

Jumamosi hii nimerudi Mwanjelwa. Yule kijana ameniwekea matatu pembeni, ameshayageuza ndani nje, na hata moja halina ovaloki.

"Shikamoo mama. Haya ya uzi."

"Marahaba. Buku?"

"Haya ya uzi ni elfu tatu."